Majibu ya vipimo vya damu yaandikwe, yatunzwe na yalinganishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo, kwa maoni yangu, linatupotezea sehemu kubwa ya faida ya fedha na jitihada zinazotumika kupima damu za watu katika mikoa hii ya Nyanda za Juu Kusini. Kila mwaka mwanzoni mwa Agosti, katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, wananchi wanaokuja kuangalia mbegu na ng'ombe wa maziwa kwenye Nane Nane hupita pia kwenye mahema ya afya, wakatobolewa kidole, wakapimwa presha na uzito, kisha wakaambiwa "uko vizuri" au "sukari imepanda kidogo, punguza wanga". Hushukuru na kwenda zao. Namba yenyewe hubaki kwenye rejista ya waliohudumiwa siku hiyo, na mwaka unaofuata mtu yuleyule hutobolewa kidole upya kana kwamba hajawahi kupimwa tangu azaliwe.

Shangazi yangu, ambaye masomo yake yaliishia darasa la nne, ndiye mtu pekee niliyepata kumwona akikataa kuondoka na jibu la namna hiyo. Muuguzi alipomwambia, "Bibi, sukari yako nzuri," hakuinuka kitini, bali aliuliza, "Nzuri ndiyo ngapi, mwanangu?" Muuguzi akacheka, akachana kipande cha boksi la dawa, akamwandikia 5.4 na tarehe. Kipande kile kikaenda kukaa ndani ya kitabu cha nyimbo, na sasa kina wenzake kadhaa. Daktari yeyote atakayekutana na shangazi akiwa na vipande vile atajua mambo ambayo mashine ya siku moja, hata ikiwa ya bei kubwa namna gani, haiwezi kumwambia.

Nasema hivyo kwa sababu kila mwili una kawaida yake. Chukulia mwanamume wa miaka 60 anayepimwa kreatinini, kipimo kinachotumika kukadiria kazi ya figo, akapata mikromoli 70 kwa lita. Miaka miwili baadaye anapata 84, na mwaka unaofuata 101. Hakuna hata moja kati ya namba hizo inayovuka kikomo cha juu ambacho maabara nyingi humwekea mwanamume, ambacho hukaribia 106, kwa hiyo mara zote tatu karatasi itatoka bila alama yoyote ya tahadhari na mara zote tatu ataambiwa figo ni nzima. Lakini ukizipitisha namba hizo kwenye kanuni inayotumiwa na madaktari kukadiria kasi ya figo kuchuja damu, utaona kwamba makadirio yameshuka kutoka takriban mililita 100 kwa dakika hadi karibu 72. Ni zaidi ya robo, na yameshuka ndani ya miaka mitatu. Pengine chanzo ni presha isiyotulia, pengine ni dawa za maumivu anazonunua dukani kila wiki kwa ajili ya magoti, pengine ni jambo dogo tu linalohitaji kipimo cha kurudia. La msingi ni kwamba hakuna atakayeuliza, kwa sababu hakuna aliyeziweka namba tatu pamoja. Na ikumbukwe kwamba hata ugonjwa sugu wa figo wenyewe, kwa kanuni za kitabibu, hautangazwi kwa jibu moja: ni lazima tatizo lithibitike kudumu kwa miezi mitatu au zaidi. Bila jibu la zamani, daktari hulazimika kuanza kuhesabu miezi mitatu siku hiyo uliyofika mbele yake.

Watu wengi hudhani kile "kiwango cha kawaida" kinachochapishwa pembeni mwa jibu ni mpaka kati ya uzima na ugonjwa. Sivyo. Kwa vipimo vingi kiwango hicho hupatikana kwa kupima watu wenye afya, kisha kuchukua asilimia 95 walio katikati na kuwaacha nje wale wachache walioko kwenye ncha mbili. Maana yake ni kwamba mtu mmoja kati ya kila ishirini wenye afya huangukia nje ya kiwango bila kuumwa chochote. Nikiwa mwalimu wa hisabati naomba nisamehewe hesabu hii: mtu mzima kabisa akipimwa vipimo 20 visivyotegemeana, uwezekano wa kupata angalau kimoja chenye nyota ya tahadhari ni takriban asilimia 64. Wanaouza vifurushi vya "pima mwili mzima" huwa hawalitaji jambo hilo.

Tena viwango vingi vinavyochapishwa kwenye karatasi zetu havikutokana na watu wa huku. Ndiyo maana naheshimu sana kazi iliyofanyika Mbeya na kuchapishwa mwaka 2008, ambapo watu wazima wenye afya wa kusini mwa Tanzania walipimwa ili kupata viwango vyao wenyewe. Inajulikana, kwa mfano, kwamba Waafrika wengi wenye afya huwa na chembe nyeupe za aina ya nyutrofili chache kuliko watu wa Ulaya, na wasipolinganishwa na wenzao huonekana kama wana upungufu. Urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari nao una sehemu yake. Anayeishi Njombe, karibu mita 2,000 juu, hutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi kuliko anayeishi Kyela kandokando ya Ziwa Nyasa, na Shirika la Afya Duniani huelekeza wingi wa damu urekebishwe kwa kuzingatia mwinuko kabla ya kusema mtu ana upungufu au hana. Mwanamke wa Makete mwenye wingi wa damu wa gramu 12.1 kwa desilita anaweza kuambiwa yuko salama kwa sababu amevuka kikomo cha 12, ilhali kwa mwinuko wa kwao huenda amekwisha kupungukiwa. Lakini kama daftari lake linaonyesha kwamba kwa miaka yote alikuwa anasoma 14, hahitaji kanuni ya mwinuko ili kujua kwamba damu yake imeshuka.

Upo pia upande wa pili, na wanaoanza kuandika majibu yao hukumbana nao mapema. Namba za damu huchezacheza. Aliyesoma 13.4 mwezi wa pili na 13.0 mwezi wa nane hajapoteza damu. Tofauti ndogo kama hiyo huweza kuletwa na saa ya kutolewa damu, maji aliyokunywa, mkao wake, au mashine yenyewe. Anayeandika majibu yake ni lazima ajizuie kushtuka kwa kila kupanda na kushuka, na kinachomsaidia kujizuia ni urefu wa orodha, maana akiwa na majibu sita ya nyuma ataona mwenyewe kwamba amekuwa akipanda na kushuka ndani ya nafasi hiyohiyo siku zote.

Haya si mambo mageni kwetu, na hapo ndipo ninaposhangaa. Mpango wa Lishe wa Iringa ulioanza mwaka 1983 kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, wakati mkoa wetu ulikuwa bado unajumuisha Njombe, ulianzia kwenye vijiji 168, na msingi wake mkubwa ulikuwa mizani na kadi. Siku ya Afya ya Kijiji watoto walipimwa uzito, nukta ikatiwa kwenye kadi, nukta zikaunganishwa, na mama aliyekuwa hajui kusoma akaweza kuona kwamba mstari wa mwanawe umelala au unateremka hata kama mtoto mwenyewe bado anacheza. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo na nilisikia akina mama wakibishana juu ya mistari kwa ufasaha ambao wanafunzi wangu wa kidato cha pili hawakuwa nao. Hakuna mama aliyeridhika kuambiwa "mtoto ana kilo nane" pasipo kutazama alikuwa na ngapi mara ya mwisho. Kadi ile bado ipo kliniki hadi leo. Mtoto akishatimiza miaka mitano kadi yake hufungiwa kabatini, na tangu hapo mpaka uzeeni hatuchori tena mstari wowote.

Wapo watu wazima ambao hawakuacha kufuatilia, nao ni wale wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kwa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023, maambukizi kwa watu wazima yalikuwa asilimia 12.7 Njombe na 11.1 Iringa, viwango vilivyo juu kuliko mikoa mingi nchini, kwa hiyo katika milima hii wapo maelfu ya watu wanaokijua kipimo chao cha wingi wa virusi kwa miaka mingi mfululizo. Nimekaa na mmoja wao, fundi seremala, akanieleza kwamba alianza na makumi ya maelfu ya nakala za virusi kwa mililita, baadaye akawa chini ya 1,000, na sasa mashine haivioni kabisa. Alizitaja namba zake kama mtu anayetaja miaka ya kuzaliwa ya watoto wake. Anajua pia kwamba siku namba ikiruka juu ya 1,000 ataitwa, ataulizwa kuhusu umezaji wa dawa, kisha atapimwa tena kabla ya uamuzi wa kubadilisha dawa. Kwa nini mwenye kisukari au presha, ambaye naye ni mgonjwa wa maisha, asijengewe mazoea kama hayo?

Kikwazo cha kwanza ni karatasi. Vituo vingi humtaka mgonjwa anunue daftari la shule, na majibu huandikwa humo kwa haraka: "RBG 9.8", yaani sukari ya damu iliyopimwa wakati wowote. Hapo hakuna kizio (kama milimoli kwa lita), hakuna saa, wala hakuna neno linalosema kama mtu alikuwa amekula. Penye mashine zinazochapa, mara nyingi jibu hutoka kwenye ukanda wa karatasi laini inayong'aa, ile inayochapwa kwa joto, ambayo maandishi yake hufifia. Nimeonyeshwa na jirani bahasha ya kaki iliyokuwa inakaa juu ya dari la jiko, penye joto, ikiwa na kanda za namna hiyo. Kwenye mbili kulikuwa kumebaki jina lililoandikwa kwa kalamu na weupe mtupu chini yake. Mtu huyo alilipia vipimo vile. Ushauri wangu kwa yeyote anayepewa ukanda huo ni kwamba anakili namba kwa kalamu ya wino siku hiyohiyo, kabla hajafika stendi.

Kizio nacho si jambo la kudharau. Sukari ya 7 na sukari ya 126 ni sukari ileile, moja ikiwa imepimwa kwa milimoli kwa lita na nyingine kwa miligramu kwa desilita. Ukitaka kutoka ya kwanza kwenda ya pili unazidisha kwa 18. Kreatinini ya 1.0 upande mmoja ni takriban 88 upande mwingine. Mgonjwa aliyepima Mafinga kwa kizio kimoja, akaja kupimwa Iringa mjini kwa kingine, anaweza kulala bila usingizi kwa hofu ya ugonjwa ambao hanao, au, jambo lililo baya zaidi, asishtuke pale anapopaswa kushtuka.

Kwa hiyo anayetaka kufuatilia damu yake aandike zaidi ya namba. Aandike tarehe na saa, jina la maabara, kizio, kiwango kilichochapishwa pembeni, kama alikuwa hajala tangu usiku, kama alikuwa na homa au malaria, na dawa mpya aliyokuwa ameanza. Homa huweza kupandisha sukari. Nyama nyingi ya jana huweza kuongeza kreatinini kidogo. Ikiwezekana arudi maabara ileile, asubuhi, katika hali ileile, kwa kuwa majibu ya mashine mbili tofauti hayaoani sawasawa. Kwa wanaotolewa damu zahanati za mbali na sampuli kusafirishwa kwenda mjini, wajue kwamba chembe za damu huendelea kula sukari ndani ya chupa, na kwamba bila kutenganishwa au kuwekewa kinga, sukari hupungua kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa. Saa nne za barabara ya milimani zinaweza kumgeuza mgonjwa wa sukari kuwa mzima kwenye karatasi. Hilo si kosa la mgonjwa, ila akiandika saa ya kutolewa damu na saa ya kupimwa, daktari mwangalifu ataling'amua.

Nisieleweke vibaya kwamba nawahimiza watu wajipime kila wiki. Kipimo cha wastani wa sukari kinachoandikwa HbA1c huonyesha takriban miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kwa sababu chembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Kukirudia baada ya wiki mbili ni kutupa fedha, na kwa mwenye selimundu au aliyeongezewa damu karibuni kinaweza kupotosha kabisa. Mtu mzima asiye na ugonjwa wala dalili hahitaji orodha ndefu ya vipimo. Wala daftari halimpi mtu ruhusa ya kujipandishia au kujipunguzia dawa kwa kutazama mistari yake. Kazi yake ni kufikishwa mbele ya daktari, na hapa niseme kwa heshima kwamba wapo watoa huduma ambao mgonjwa akifungua daftari huona kama wanakaguliwa. Wasione hivyo. Mgonjwa aliyekuja na majibu ya miaka minne amewapunguzia maswali kumi.

Kwa upande wa hospitali, ombi langu si la gharama kubwa. Nyingi za mikoani na za mashirika ya dini zimeshahamia kwenye kompyuta, na majibu ya zamani ya mgonjwa yamo humo. Basi karatasi ya jibu jipya ichapwe ikiwa na majibu mawili au matatu yaliyotangulia kando yake, pamoja na tarehe zake. Mgonjwa anayepewa rufaa kutoka Sumbawanga au Songea kuja hospitali ya kanda Mbeya aondoke kwao na nakala ya mfululizo mzima, si muhtasari wa mistari mitatu. Asiyepewa aombe, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake, na inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Aombe kwa adabu, pale masjala, wala asianze na vitisho vya sheria. Kwa uzoefu wangu, wengi wa wale wanaokataa hufanya hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaomba.

Unyeti huo unatuhusu na sisi. Wapo wanaopiga picha majibu na kuyatupia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp ili "wataalamu" wa ukoo wayasome. Jibu likishafika kule halirudi. Kwa wazee wasioona vizuri, achaguliwe mtu mmoja katika familia, mjukuu mwenye mwandiko mzuri na mdomo mzito, awe mwandishi wa daftari, na mzee aambiwe kila kilichoandikwa humo.

Mwisho nina ombi kwako wewe, Ndugu Mhariri. Ukurasa wako wa afya huchapisha mara kwa mara makala kuhusu vyakula na dalili za magonjwa. Nakuomba toleo moja uchapishe jedwali tupu, la ukubwa wa ukurasa wa daftari la shule, ambalo msomaji atalikata na kulibandika: safu za tarehe na saa, maabara, kipimo, jibu na kizio chake, kiwango cha pembeni, na safu pana ya maelezo. Safu ya maelezo isibanwe, maana ndiyo itakayojaa kwanza. Nikipata nakala nitaitoa fotokopi na kuigawa kwa wastaafu wenzangu tunaokutana dirisha la dawa kila mwezi.

Wako,

Mwalimu mstaafu,
Kihesa, Iringa.